Unyayo wa Saba

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, saa tisa na robo alasiri, ndipo mambo yalipoharibika.

Kabla ya hapo siku zilifanana. Kitinda, msichana wa miaka kumi na miwili, akitoka shule alipitia chuoni kumsaidia dada yake, aliyekuwa akisomea uchezaji ngoma kwa shahada ya uzamili.

"Kumbe ngoma nayo inasomewa?" majirani walicheka.

Inasomewa. Dada alitafiti kwa miguu yake. Alinyunyiza unga wa chaki kwenye sakafu nyeusi, akacheza ngoma ya marehemu mama yao, kisha akapanda ngazi kuzipiga picha nyayo. Picha hizo ndizo zilizokuwa ushahidi wa tasnifu yake. Wakubwa wa chuo walikuwa na ukumbi mzuri, lakini waliuweka kwa mikutano yao. Dada wakampa stoo yenye vioo vya ukutani vilivyopasuka na dirisha bovu.

Jumanne hiyo, kabla hajazipiga picha nyayo, walimwita ofisini kusaini fomu ileile kwa mara ya tatu.

"Usikanyage, mdogo wangu," alisema, akamwacha ndani na kuufunga mlango kwa ufunguo.

Upepo ukalisukuma dirisha, chaki ikaanza kupeperuka. Kitinda akakimbia kulizuia. Alipogeuka, nyayo za mwisho alikuwa amezivuruga mwenyewe. Miguu yake ilishalingana na ya Dada, na ngoma aliijua. Akasawazisha chaki kwa ufagio, akavua viatu, akakanyaga hatua sita, akaruka pembeni. Vioo vilimtazama vipande vipande.

Dada alirudi, akapiga picha, akaikazia macho akiwa juu ya ngazi.

"Hapa mwisho mguu wa kushoto umeburutwa," alinong'ona. "Mimi siburuti. Mama ndiye aliyeburuta, tangu avunjike kifundo."

Kitinda aliitazama miguu yake. Yeye pia hakuburuta.

Siku mbili Dada aliandika akitabasamu, kwamba mwili wake umemkumbuka mama. Ijumaa angewasomea walimu wake. Alhamisi, mezani, baba yao fundi viatu akauliza, "Mbona chakula unakitazama kama mgeni?"

Kitinda akayamwaga yote. "Nikinyamaza, Dada atasema uongo bila kujua. Nikisema, si watamfukuza?"

"Mwambie yeye, si mimi," baba alijibu.

Kitinda alipomwambia usiku huo, Dada hakufoka. Alikata kurasa nzima kwa kalamu nyekundu. "Palipo na pengo nitaandika pengo," alisema. Ijumaa aliwaeleza walimu ukweli, wakaipokea kazi na pengo lake.

Jioni baba alimketisha Kitinda kibarazani.

"Mwanangu, aliyekosea akasema, kosa lake lina mwisho. Wale wakubwa hufunika makosa yao kwa fomu, ndiyo maana hayaishi. Usijifunze kwao."

"Nimesikia, baba."

Dada alikuwa hapo, ameishika ile picha. "Hebu niambie, ulikanyaga mara ngapi?"

"Sita."

Akahesabu kwa kidole nyayo za pale palipofagiwa, akarudia tena. Saba. Ule wa mwisho ulielekea mlangoni, umeburutwa.

Baba akavaa miwani. Miaka ishirini alikuwa akibandika soli ya kiatu cha kushoto cha mkewe, iliyolika daima upande uleule wa ncha. Akauweka mkono wake juu ya picha, akaupima unyayo kwa vidole, kama apimavyo mguu wa mteja.

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ulifungwa, baba. Ufunguo nilikuwa nao mimi," alisema Dada.

"Basi huu wa saba ni wa nani?"