Milango ya Meli ya Askari

Jioni ile nilikwenda Kangle, mtaa wa Wachina wenye maghala na cherehani, kwa jambo moja tu: kuona milango yangu ikipakiwa, kontena lifungwe, nami nipande ndege nirudi Unguja. Kauthar, mke wangu, alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Nilimwahidi kwamba mtoto akizaliwa, adhana nitamsomea sikioni mimi mwenyewe, si mtu mwingine.

Lakini laoban, bosi wa ghala, alikuwa na neno lake moja. Mingtian. Kesho. Wiki ya pili sasa ananipiga kalenda, na hiyo kesho haifiki. Nilikuwa nimechoka naye hadi rohoni.

Milango yenyewe ilitoka kwenye meli kuukuu iliyokatwa vyuma huko mtoni. Msaji mtupu, mbao za nyumba yangu ya wageni. Mzee Abdulsamad, mfanyabiashara mwenzangu wa Dar, alisoma jina la meli kwenye kitasa cha shaba, akarudi nyuma.

"Meli hii ilijengwa kwa matajiri, wacheze dansi baharini," aliniambia. "Vita vya pili vikaja, ikapakwa rangi ya kijivu, ikachukua askari wetu wa Keya, jeshi la Mwingereza, kwenda Burma. Baba yangu aliipanda. Ikapigwa bomu njiani. Milango ya chini ikafungwa kwa nje ili moto usipande. Meli ikapona. Baada ya vita ikapakwa rangi nyeupe, watalii wakarudi."

"Na askari wa chini?"

"Nimekwambia meli ilipona, Haidar."

Nilimcheka. Mzee akaondoka zake, laoban akaenda kula, nikabaki peke yangu na hasira zangu. Jua likazama. Cherehani za jirani, ambazo hazinyamazi Kangle, zikanyamaza zote.

Halafu harufu. Chumvi… jasho… blanketi bichi.

Ngo… ngo… ngo…

"Hodi."

Kwetu hata mtoto anajua. Magharibi ukipigiwa hodi na usiyemwona, usiitikie. Uliza kwanza ni nani. Lakini hasira hasara. Nilisikia Kiswahili, nikadhani ni Mtanzania mwenzangu.

"Karibu, pita," nikajibu bila kugeuka.

Kitasa kikalia nyuma yangu.

"Kaka," sauti ikanong'ona, "meli ya nyumbani… inaondoka lini?"

"Hata sijui," nikafoka. "Mimi mwenyewe nimekwama hapa. Ukiweza, nenda wewe. Chukua nafasi yangu."

"Ahsante, kaka."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Mlango mmoja uliokuwa umeegemea ukuta ulikuwa wazi, na nyuma yake hapakuwa na ukuta. Palikuwa na giza linaloyumba. Ndani yake watu walikuwa wakipumua.

Wengi.

Mzee Abdulsamad alinikuta sakafuni. Homa ikanilaza chumbani kwake, barabara ya Huanshi Zhonglu, zaidi ya mwezi, na kila daktari alisema haoni ugonjwa. Kontena lilikuwa limeshaondoka. Laoban, mtu wa kesho, alipakia jioni ile ile. Alimwambia Mzee kwamba nilisimamia kazi mwenyewe, nimelowa chapachapa, wala sikusema neno.

Nilipoweza kusimama, Mzee alinishika mkono hadi kibanda cha simu.

"Kauthar, mimi Haidar."

"Nani wewe?" akanong'ona. "Haidar yuko ndani, amelala. Amekuja na kontena lake."

"Mtoto je?"

"Kazaliwa juzi. Baba yake kamchukua, kamsomea sikioni." Sasa alikuwa analia. "Lakini haikuwa adhana, kaka. Sijui ilikuwa lugha gani… Na mtoto tangu hapo hajalia. Anatazama mlango tu."