Saa Bado Haijagonga

Jumapili ile Hilda Entwistle alioka pai ya nyama na viazi, akaifunga kwa taulo, akapanda basi. Sisi tuliokaa naye ukuta kwa ukuta pale Thornclough tulimwona akitoka, uso umekunjamana kama wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Alikuwa anakwenda tu kumwona mjukuu wake, Maureen. Tatizo ni kwamba Maureen na mumewe walikuwa wamehamia ndani ya kiwanda cha pamba cha Garside, ambacho matajiri walikigeuza kuwa nyumba za kuishi. Hilda alifuma pale ujanani, na aliapa hatakanyaga tena.

"Njoo umwone mwanangu Joanne, bibi," Maureen alikuwa amemsihi. "Ana miaka mitatu na hajatamka neno. Daktari anasema masikio mazima, ulimi mzima. Na sasa amepata kikohozi. Nikimfuta mdomo, natoa nyuzi za pamba."

Kiapo kikavunjika hapo. Mtoto ni mtoto.

Kiwanda kilikuwa kimesafishwa, matofali yaliyokuwa meusi kwa moshi yakawa mekundu. Mnara wa saa ulisimama palepale ubavuni, ngazi ndani yake, na chini mlango wa chuma uliofungwa, ambao zamani wafumaji waliingilia na kutokea. Wenye majengo waliuacha uwe pambo, kwani ufunguo wake hawakuupata. Saa walikuwa wameitengeneza. Lakini kila fundi alipoisogeza mbele, ilirudi tena nyuma ya saa ya kanisa.

Hilda hakushangaa. Enzi zake tajiri mwenyewe aliichelewesha makusudi, ili wafumaji wamfanyie kazi ya bure kabla ya kengele ya kutoka. Mwizi wa kuku hufungwa jela. Huyu mwizi wa dakika za watu walimchongea sanamu mbele ya maktaba.

Joanne alikuwa amekaa zuliani, chini ya dirisha linalotazama mnara. Alimgeukia Hilda. Akafungua mdomo.

Sauti haikutoka. Midomo tu ndiyo ilikwenda, ikipanuka na kuvutwa, kila neno likichongwa polepole. Maureen aliona mtoto anayetafuna hewa. Hilda aliona maneno. Hivyo ndivyo wafumaji walivyozungumza, kwa midomo na macho, maana mashine zilinguruma hata mwenzako akipiga yowe ubavuni mwako humsikii. Kelele hizo ndizo zilizoyaua masikio ya Hilda, akabaki kusoma midomo ya kila mtu. Na mazungumzo yale yalikufa na viwanda. Hakuna aliyebaki ila yeye, naye hakumfundisha mtoto.

"Mwambie Albert afungue," midomo ya Joanne ilisema.

Hilda alishika kiti.

"Anasemaje, bibi?"

"Hasemi kitu," Hilda akanong'ona. "Anacheza tu."

Maneno yale alishawahi kuyasoma. Siku kiwanda kiliposhika moto alikuwa nje, amefungiwa mlango ule kwa kuchelewa kurudi kutoka chakula cha mchana. Mlinda mlango alikuwa Albert, mchumba wake, na hata yeye hakumwonea huruma. "Umechelewa, mpenzi. Nenda nyumbani," alimwambia, kama alivyowaambia wote. Jioni Hilda alirudi kumsubiri rafiki yake Winnie. Kanisa lilikuwa limekwisha kugonga saa ya kutoka. Ya Garside bado. Moshi ukaanza. Winnie akatokea dirishani kwenye ngazi za mnara, wenzake wamejazana nyuma yake, midomo ikienda: mwambie Albert afungue.

Hilda alimwambia. Alimvuta koti, alimpiga kifuani. Albert alitazama juu.

"Saa bado haijagonga," alisema. "Nikifungua kabla, kazi sina. Watakamwagia maji, kamoto kadogo hako."

Ilipogonga, aliufungua. Hakutoka mtu.

Mtaani waliuliza Hilda alimudu vipi kuolewa naye. Alijibu kwamba mimba haisubiri mtu apoe hasira. Aliishi na Albert bila kumsamehe hata siku moja, akamzika, na ufunguo wa mnara akaukuta chini ya mto wake. Akauficha ndani ya kopo la chai.

Jumatatu alasiri alirudi kiwandani nao. Maureen alisimama kando yake, amembeba Joanne, ambaye sasa alikuwa anapumua kwa kukoroma.

"Bibi, unanitisha."

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza tu."

Ufunguo ulizunguka bila kukwama. Mlango ukafunguka. Ngazi tupu. Baridi. Harufu ya mafuta ya mashine na pamba iliyoungua. Hilda akasogea pembeni, kama mtu anayepisha watu wengi. Akapanua midomo bila sauti: Imegonga. Tokeni.

Hakuna kilichosogea.

Kisha Joanne akasema. Kwa sauti. Sauti nzito ya mwanamke mzima, na Hilda, ambaye hata radi alikuwa haisikii, aliisikia vizuri.

"Umechelewa."

Mlango ukajibamiza. Hilda aliuacha ufunguo palepale, wakakimbia.

Walihama wiki ileile. Kikohozi kilikoma, na Joanne akaanza kuongea mpaka mama yake akawa anamwomba apumzike. Mlinzi wa jengo, Duckworth, alikwenda kuutafuta ufunguo akaukosa. Mlango ulikuwa umefungwa. Alipochungulia kwenye tundu aliuona ufunguo upo, umechomekwa kwa upande wa ndani.

Hilda hakumaliza majira ya baridi. Alifia kitandani kwake, nyumbani, mbali na mnara. Mimi na Maureen ndio tuliomvisha. Midomoni alikuwa na nyuzi nyeupe za pamba, tukifuta zinakuja nyingine. Na mdomo wenyewe ulikataa kufumbika. Ulikuwa umevutwa upande, umepanuka, umekwama katikati ya neno. Nikafikiri, afadhali, waliojua kuusoma wamekwisha wote.

Joanne aliingia kabla hatujamzuia. Alisimama kando ya kitanda, akautazama ule mdomo kwa makini.

"Mama," alisema, "bibi anaomba afunguliwe."