Maneno ya Fundi Yaliyokatwa

Kila akitoka shule, Kiroboto alivua viatu mlangoni, akala upesi, kisha akaingia chumba cha kazi cha mama yake. Jina hilo la utani alipewa kwa udogo na wepesi wake. Mama alitengeneza filamu za matukio ya kweli, na miezi ile alikuwa na filamu ya vyama viwili, Taa na Mwavuli, vilivyogombania Bunge. Vyama vilikuwa vimelingana viti. Kilibaki kimoja tu, cha mji wao, na chama ambacho kingekipata ndicho kingelishika Bunge.

Kazi ya Kiroboto ilikuwa kusikiliza mahojiano na kuandika daftarini kila neno, pamoja na dakika lilipoanzia na lilipoishia. Mama alilifuata daftari hilo alipokata na kuunga vipande vya filamu.

"Andika hata wakikohoa," Mama alipenda kumwambia.

Jumanne moja Kiroboto alirudi amenuna. Darasani walikuwa wameunda bunge lao la wanafunzi, na spika akachaguliwa rafiki yake mkubwa, Twiga, msichana mrefu, binti wa fundi cherehani wa mtaani. Kiroboto aliambulia kura nne.

"Mheshimiwa Kiroboto, keti chini! Au ndiyo umeketi?" Twiga alimtania, na darasa zima likaangua kicheko.

Sasa kwenye kompyuta alionekana babake Twiga, utepe wa kupimia shingoni.

"Bendera za Mwavuli nimeshona mia mbili, kwa moyo mmoja," alisema. Akakata uzi kwa meno, akaendelea, "Na za Taa mia mbili, kwa moyo uleule. Cherehani yangu haina chama."

Kiroboto aliandika sentensi ya kwanza. Penseli ikasita. Kisha akaandika: mwisho.

Filamu ilioneshwa ukumbini wiki tatu kabla ya kura. Fundi alipomaliza sentensi yake moja, watu wa Mwavuli walipiga makofi. Wa Taa wakamgeukia fundi mwenyewe, aliyeketi nyuma.

"Kumbe ndivyo ulivyo, fundi! Nasi tulikuamini!"

"Ngojeni jamani, sikuishia hapo..."

Nani wa kumsikiliza? Kesho yake wa Taa, na ndio waliokuwa wengi mtaani, wakaja kuchukua vitambaa vyao. Mama mmoja alibeba gauni la binti yake likiwa na mkono mmoja. Siku ya nne jiwe likavunja kioo cha dirisha la duka lake.

Jumatatu iliyofuata, Twiga hakuonekana darasani. Kengele ilipolia, Kiroboto alikimbia mpaka kwa fundi. Akakuta kufuli.

"Wamehamia mbali, kwa mjomba wao," jirani alimwambia. "Yule mrefu alilia mpaka sauti ikamkauka."

Kiroboto aliingia chumba cha kazi bila kuvua viatu. "Mama, fundi hakuishia pale. Mimi ndiye niliyemkatiza. Nilimwonea wivu Twiga."

Mama hakufoka. Alifungua mahojiano yale, akayasikiliza mpaka mwisho, mikono kichwani. "Nami nilikata bila kusikiliza," alisema. "Kosa hili lina wenyewe wawili."

Jumamosi filamu ilioneshwa upya, maneno ya fundi yakiwa kamili. Mama alisimama mbele ya watu akaomba radhi. Kiroboto akasimama kando yake, akasema alichokifanya. Mwenye gauni alijifunika uso kwa kanga. Vijana wa Taa wakatia kioo kipya. Kura zikapigwa, Taa wakalishika Bunge, lakini mbele ya duka lile lililofungwa hakuna aliyeshangilia.

Mama alimpigia fundi simu, akampa Kiroboto.

"Shikamoo, baba. Nisamehe."

"Marahaba. Nimeshasamehe, mwanangu. Ila kurudi, hapana. Watoto wangu bado wanashtuka wakilikumbuka lile jiwe."

"Naomba niseme na Twiga."

Alimsikia fundi akimwita binti yake, "Mama, rafiki yako huyu." Kisha ikaja sauti aliyoijua kuliko zote:

"Mwambie sipo."

Kiroboto akaiweka simu mezani, akaangua kilio. Mama akamvuta kifuani.

"Lia, mwanangu. Kila neno la fundi uliloandika lilikuwa la kweli. Ulipunguza tu. Lakini ukweli ukipunguzwa kwa makusudi ni uongo kamili, na wewe sasa unajua unavyouma. Filamu tumeiunga. Moyo wa mwenzako atauunga mwenyewe, siku akitaka. Na pengine asitake."