Siku ya Tatu Baada ya Jabali

Siku ya soko pale Runyenjes mtu hatembei, anasukumwa. Kajuju alisukumwa na gunia la kabichi, simu ikamtoka mkononi, bodaboda ikaikanyaga. Akapangusa sketi yake ndefu ya bluu, akaokota vipande, akaingia kibanda cha kwanza cha fundi simu.

"Shikilia hapa," fundi akasema. Alikuwa Njue, kijana mrefu wa Mbeere, mikono ya shati imekunjwa hadi kiwikoni. Kajuju akashika. Kioo kikachezacheza.

"Dada, unatafuna muguka, hii miraa ya huku? Mkono unatetemeka hivi."

"Mtihani ndio umenitafuna."

Akamweleza jambo ambalo hata mama yake kule Kanyakine hakulijua. Alikuwa akisomea udaktari wa meno, mwaka wa pili, na alikuwa amefeli kuchonga gego la nta kwa kisu chembamba. Mkono ulikataa. Baada ya wiki tano angerudia, na akifeli tena anafukuzwa chuo. Alikuja kwa shangazi yake hapa Runyenjes kujificha na kufanya mazoezi.

Njue hakuinua macho. Kwa vidole vyenye sugu kama vya mchimba mawe alikuwa akirudisha skrubu ndogo kuliko siafu.

"Mikono hiyo uliitoa wapi?" Kajuju akauliza.

"Kwa mawe. Hupanda majabali huko chini karibu na Kiritiri, kwa kamba. Ukitetemeka unaanguka, kwa hivyo mkono unajifunza."

"Nifundishe."

"Na hiyo sketi?"

"Nina suruali, fundi. Sikuzaliwa na sketi."

Wakawa wanaenda kila Jumanne na Jumamosi, kwa pikipiki yake. Jabali lilikuwa la moto kama kikaango, na upepo ulinuka mbuzi.

"Usiliminye hivyo, halikukukosea," Njue aliita kutoka chini, kamba yake mkononi. "Lishike tu ya kutosha."

"Nikianguka?"

"Nimekushika, daktari."

"Sema tena."

"Nimekushika."

Wiki ya tatu ilipofika, Kajuju hakushika tena kisu kama anayechinja. Kila jioni alichonga magego pale kibandani, katikati ya simu zilizokufa, na Njue akayapanga kwenye rafu. Mengine yalikuwa mazuri sana. Mengine, kama mahindi yaliyotafunwa.

Asubuhi moja simu ya Kajuju ililia. "Umeamka, gego langu?"

"Mtu haiti mpenzi wake gego."

"Kumbe mimi ni mpenzi?"

"Kata simu, Njue."

Njue hakukata. Kajuju pia hakukata.

Ikabaki wiki moja, mtihani Ijumaa. Kajuju akaamua kuongeza siku za kupanda. "Mara mbili zimenisaidia hivi. Mara nne je?" Njue akamwambia kamba imeliwa na panya. Jumanne Kajuju akapita kibandani, hakumkuta. Aliposogeza kiti akaiona kamba. Akaipitisha vidoleni mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa nzima.

"Panya wa kwenu hawana meno?" alimuuliza aliporudi.

Njue akaweka chai chini. "Nilitaka upumzike."

"Ulitaka nifeli. Nikifeli nitabaki hapa, nikuuzie vifuniko vya simu."

Hapo mtu hukana upesi. Njue alichelewa, na Kajuju akatoka.

Jioni ujumbe ukaingia: "Kila gego niliandika siku yake. Mabaya yote ni ya siku ya jabali na kesho yake. Mazuri yanaanza siku ya tatu. Vidole vinachoka, hata kama havikuambii."

Hakujibu. Lakini hakuwa mtu wa kuambiwa tu. Jabali la mwisho lilikuwa Jumamosi, leo Jumanne. Akachonga gego mezani kwa shangazi, kisu kikapita kama kwenye parachichi. Akahesabu siku hadi Ijumaa, zikatosha vidole kupumzika tena. Basi akaning'inia kwenye boriti ya jikoni kwa ncha za vidole hadi vikawaka moto, akachonga lingine. Likaharibika.

Kwa hivyo alisema kweli. Hilo likamuudhi zaidi, akaenda chuo Jumatano bila kumuaga.

Ijumaa saa tisa mchana simu ya Njue ikalia.

"Nimepita."

Akakaa. "Nimefurahi sana."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Ningekuambia upumzike ungekataa. Unapanda kama mbuzi wa kwetu."

"Ungeniambia, nikatae, tugombane. Mikono ni yangu. Na mbona ulinyamaza niliposema unataka nifeli?"

"Kwa sababu kuna kipande cha moyo wangu kilitaka. Ukirudi huko ni miaka mitatu. Nilificha kamba nikijua nakusaidia, na bado kipande hicho kilikuwapo. Sikuweza kukudanganya mara mbili."

Kajuju alisimama kwenye korido, koti jeupe limejaa chembe za nta. Alikuwa amejiandaa kugombana na mwongo, si na mtu huyu.

"Njue, una baba mdogo?"

"Ninaye, Ndwiga. Kwa nini?"

"Nina wiki moja ya likizo nyumbani. Jumamosi ijayo mlete Kanyakine amwone mama. Harusi ingoje nimalize. Lakini hiyo miaka mitatu nataka kwetu wajue wewe ni wa nani."

"Kajuju, unanioa?"

"Nakuambia mapema. Watu wengine hufanya hivyo."

Njue akafunga kibanda mchana kweupe, wateja wawili wakiulizia simu zao, akawasha pikipiki kwenda kumtafuta Ndwiga.