Vua Kofia, Orrin

— Vua kofia, Orrin. Humu ndani yumo mama yangu.

— Niache nayo, Lettie. Nasikia baridi.

— Na umekaa kando ya jiko!

Ilikuwa jioni ya Sikukuu ya Shukrani, mwaka 1907, katika mji mdogo wa Iowa. Msimu mzima timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani ilikuwa haijashindwa, hadi mechi ya siku hiyo. Asubuhi Orrin alikuwa amempigia simu mchumba wake, majirani wakisikiliza kwenye laini ya pamoja:

"Lettie, mwambie Clem goti limeteguka. Siwezi kucheza."

Clem, kaka yake Lettie, akaingia uwanjani badala yake. Sasa alikuwa amejilaza kwenye kochi, bega limevunjika, nywele zimemfika mabegani. Siku zile wachezaji walifuga nywele ziwakinge kichwa. Aliyezikata kabla ya mechi ya mwisho alikuwa amejitoa kwenye timu.

Mama yao akaweka kipande cha pai ya maboga mbele ya Orrin.

— Kula, mwanangu. Goti linaendeleaje?

Wema ule ukamshinda. Orrin akavua kofia. Kichwa kilikuwa kimenyolewa.

— Umenyoa lini? Lettie akauliza polepole.

— Jana.

— Jana! Kwa hiyo goti...

— Goti ni zima. Tangu kijana mmoja avunjike shingo uwanjani mwezi uliopita, namwota kila nikilala. Niliogopa. Nikaona haya kusema.

— Ukaona haya kusema, hukuona haya kumwacha kaka yangu avunjwe?

Orrin akainamia pai yake, machozi yakidondokea sahani.

— Mwache, dada, Clem akasema. Nilimwona akitoka kwa kinyozi.

— Ulijua?

— Nilijua. Ningesema, mji mzima ungemzomea. Bega litapona.

Orrin alitamani ardhi ipasuke immeze. Heri angetukanwa.

— Lete mkasi, Lettie, Clem akaongeza. Msimu umekwisha, na mimi nina mkono mmoja. Huyu kipara anikate. Ila usinifanye kama wewe, bwana!

Orrin akamkata. Lettie akafagia nywele. Orrin alipofika mlangoni kuondoka, Lettie akavua pete ya uchumba, akaishika kiganjani.

— Kesho timu inapiga picha. Nenda ukasimame mbele yao, uwaambie ulivyoniambia mimi. Usipokwenda, pete hii nitamrudishia mama yako.

Kesho yake mchana Orrin akabisha hodi. Kichwa wazi kwenye theluji, jicho moja limevimba.

— Nani kakupiga?

— Nahodha, nilipowaambia. Kisha akanipa mkono. Kwenye picha sikukaa, Lettie. Sikustahili.

Lettie aliinua bakuli lililopinduliwa mezani. Chini yake kilikuwepo kipande kile cha pai, hakijaguswa, na pete kando ya uma. Akamvutia kiti.

— Kaa hapa, nikukande hilo jicho kwanza. Pete utanivisha mwenyewe.