Mwanga Ndani ya Jerikeni

“Wewe ndiye uliyetuharibia maziwa, Mama Ekitela. Kubali tu, watu waende wakanywe chai.”

“Nikubali nini, Lul? Jerikeni yangu niliiosha kwa maji moto.”

“Maji moto gani? Jiko lako hatujaliona likitoa moshi tangu juzi.”

Watu walicheka. Asubuhi hiyo nusu ya mtaa wa Bulla Pesa ilikuwa imejaa uani kwa Mama Tuye, mwenyekiti wa kikundi cha kuuza maziwa ya ngamia. Wengine walikuja hata kabla ya kunawa uso, mradi wasikose neno. Habari yenyewe ilikuwa mbaya. Mtungi mkubwa uliopelekwa Nairobi kwa basi ulikuwa umerudishwa, maziwa yote yameharibika, na mnunuzi alisema likitokea tena wasimpigie simu.

Akina mama wa kikundi huchanganya maziwa yao katika mtungi mmoja. Jerikeni moja ikiwa chafu, ya wote huharibika. Ndiyo maana kila alfajiri jerikeni tupu hukaguliwa kabla ya mtu wa bodaboda kuzipeleka malishoni kwa wafugaji. Na mkaguzi hakuwa mwingine ila Hawo, binti ya Lul, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye sasa alikuwa amejibanza nyuma ya mama yake na mkono mmoja mfukoni.

Mfukoni mlikuwa na tochi. Ilikuwa ndogo kama kidole gumba, ya kuchaji, yenye klipu ya kushika nguo. Alipewa na abti Sakariye, kaka ya mama yake, anayeuza vifaa vya simu mjini. “Tembea nayo kila siku uijaribu,” alimwambia. “Ikiwa nzuri nitawaletea akina mama wote. Ikiwa mbaya nitairudisha ilikotoka. Lakini niambie ukweli.”

Tochi kubwa huziba mdomo wa jerikeni, usione kitu. Hii ndogo uliiweka pembeni mwa jicho na ukaona hadi chini. Wanawake walimpenda Hawo kwa hiyo. “Daktari wetu amefika,” walimtania kila alfajiri, naye akatembea shingo juu. Kwa hiyo alipogundua kwamba chaji haikai, kwamba baada ya jerikeni chache mwanga unageuka wa manjano kama chai iliyokosa majani, hakumwambia mtu. Aliogopa tochi itarudishwa. Sakariye alipouliza, alijibu, “Ni nzuri sana, abti. Inakaa wiki nzima.” Na alfajiri ya maziwa yale yaliyorudishwa tochi ilianza kufifia mapema. Hawo aliinamia kila jerikeni, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona, na kusema, “Hii safi. Na hii safi.”

“Basi tumalize,” Mama Tuye alisema. “Alice, wewe ndiye mgeni katika kikundi. Kabla hujaja hatukuwahi kurudishiwa maziwa. Chukua jerikeni yako uende.”

Alice, mama wa Ekitela, alikaa chini vumbini, mtoto mgongoni. “Mama Tuye, nikitoka hapa watoto wangu watakula nini? Ndugu yangu ananipa maziwa ya ngamia wake wawili tu. Sina kingine. Niambieni nifanye nini, nitafanya. Nitaosha jerikeni za wote.”

Wale waliokuwa wakicheka waliangalia viatu vyao.

Hawo akavuta leso ya mama yake. “Hooyo, mama.”

“Nyamaza, wakubwa wanaongea.”

Alice aliinuka, akajifuta uso kwa kiganja, akachukua jerikeni yake. Alikuwa amefika langoni Hawo alipopiga hatua mbele.

“Sikuona kitu,” alisema.

“Hukuona nini?” Mama Tuye akauliza.

“Ndani ya jerikeni. Ya Mama Ekitela, na nyingine nyingi. Tochi ilikuwa imeisha. Huwa inaisha haraka. Nilisema zote ni safi kwa sababu… niliogopa kunyang’anywa.” Machozi yalimtoka. “Hakuna anayejua ni ya nani iliyokuwa chafu. Msimfukuze.”

Uani kote watu wakanong’ona. Lul alimgeukia bintiye na macho ya moto. “Unaniaibisha mbele ya watu?”

“Mwache,” Mama Tuye alisema. “Ipelekeni hiyo tochi kwa kinyozi mwenye umeme ichajiwe. Na kila mtu alete jerikeni yake hapa, vile ilivyo.”

Hakuna aliyeondoka, hata wenye maduka. Tochi iliporudi ikiwa na nguvu, Mama Tuye aliinama mwenyewe. Ya Alice aliichungulia kwa muda mrefu, akaigeuza, akaichungulia tena. “Hii unaweza kunywea maji,” alisema. Akaendelea na nyingine. Kwenye moja alisimama, akaelekeza mwanga ndani ya mkono wa jerikeni, pale pa kushikia ambapo brashi haifiki. Ndani kulikuwa na ukoko wa maziwa ya kale, wa rangi ya samli.

“Hii ni ya nani?”

Lul hakuhitaji kusogea karibu. Aliijua kwa kamba nyekundu shingoni mwake. “Naiosha mwenyewe kila siku,” alisema kwa sauti ndogo. “Wallahi, kila siku.”

“Najua unaosha,” Mama Tuye alisema. “Usichokiona huwezi kukiosha.” Kisha akamrudishia Hawo tochi. “Sikia, mwanangu. Mkaguzi hapewi kazi ya kusifu. Anasema alichokiona, na asipoona, anasema sikuona. Uongo wako mdogo ulikaribia kumnyima mtu chakula. Leo umesema kweli ukiwa umechelewa, lakini umesema. Sasa kamwambie na Sakariye, mwanga ni mzuri, chaji haifai. Na wewe Alice, rudisha jerikeni yako mahali pake.”

Mchana, Lul alimshika Hawo mkono wakaenda hadi nyumba ya pili. Moshi ulikuwa ukitoka mlangoni kwa Alice. Lul, ambaye mtaa mzima humjua kwa mdomo, alikohoa tu nje badala ya kupiga hodi.

Alice alichungulia, mwiko mkononi.

“Umeuona moshi leo?” aliuliza.

“Nimeuona, dada. Nisamehe.”

Alice akasogea kando ya mlango. “Ni mahindi na maharagwe tu, hakuna nyama ya kukutia wasiwasi wa halali na haramu. Ingieni tule kabla hayajapoa. Na wewe daktari, usibaki hapo juani. Ingia.”