Ombi Fupi la Rosine

Kila asubuhi, katika mtaa mmoja wa Mangobo, cherehani ya Rosine ilianza kulia mapema. Rosine alikuwa amekwisha kufagia uwanja, kuchemsha chai na kumwamsha binti yake Josée aende shule. Mume wake, Célestin, alikuwa na kibanda mbele ya nyumba. Alitengeneza baiskeli za toleka, zile zinazobeba abiria mjini. Huku nyundo ya Célestin ikigonga, kule cherehani ikikimbia. Majirani walizoea sauti hizo mbili pamoja.

Rosine alikuwa fundi hodari. Akina mama wa kanisa hawakutaka kushonewa na mtu mwingine. Mwaka huo walimletea vitambaa vya sikukuu ya kanisa, vya kushona blauzi kumi na mbili.

Lakini tangu Pasaka uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Rosine alilowanisha uzi kwa mate, akajaribu, akakosa. Mwishoni alimwita Josée.

"Josée, kuya utie uzi. Mikono yangu imechoka."

Mikono haikuwa imechoka. Macho ndiyo yaliyokuwa na shida. Jicho la kushoto liliona ukungu tu. La kulia liliona vizuri mtu aliyepita barabarani, lakini sindano iliyokuwa mkononi halikuiona.

Rosine hakumwambia mtu. Aliogopa sana. Alikumbuka kijiji cha bibi yake, mbali upande wa Opala, kando ya mto wenye maji ya kasi. Bibi yake alipofuka angali na nguvu. Rosine, mtoto wa miaka mitano, alimshika mkono na kumwongoza njiani.

"Sasa ni zamu yangu," aliwaza.

Kwa nini hakusema? Hiyo ilikuwa desturi ya zamani. Hakumjua baba yake. Mama yake alipofariki, alipelekwa kwa mjomba wake, huko Yanonge. Hawakumpiga kule. Lakini jioni moja aliomba kipande cha pili cha samaki, na mke wa mjomba akamjibu: "Hapa si kwa baba yako." Tangu siku hiyo Rosine hakuomba tena. Hakuomba samaki, hakuomba nguo, hakuomba hata dawa alipokuwa na homa. Alijifunza kufagia sana, kula kidogo na kusema asante.

Akakua, akaolewa na mtu mwema, akabatizwa. Hata hivyo, mbele ya Mungu aliendelea kuwa yule mtoto wa Yanonge. Jioni alipiga magoti na kushukuru kwa muda mrefu. Aliomba msamaha. Aliwaombea Célestin, Josée, wagonjwa, na wasafiri wa mtoni. Alipolifikia jambo lake mwenyewe, alisema "Amina" upesi na kusimama.

Siku moja Mama Pélagie alikuja kujaribu blauzi yake. Mama Pélagie alikuwa jirani yao, mjane, na mkatekista wa siku nyingi. Aliingiza mkono wa kwanza. Aliingiza mkono wa pili. Akajitazama, akaanza kucheka.

"Rosine, mutoto yangu! Hii mikono yote mbili ni ya kushoto!"

Rosine alitaka kucheka naye. Badala yake machozi yalimtoka. Aliketi juu ya mkeka, akajifunika uso kwa kipande cha kitambaa.

"Mama Pélagie, sioni tena. Mi nakuwa kipofu kama bibi yangu."

Akamweleza yote. Mama Pélagie alisikiliza bila kumkatiza, angali amevaa ile blauzi.

"Célestin anajua?"

"Hapana."

"Na Mungu? Ulimwambia?"

Rosine alipangusa macho. "Mungu iko na kazi mingi, mama. Batu banakufa na vita, banakufa na njaa. Mimi ni nani nimusumbue juu ya sindano?"

Kabla Mama Pélagie hajajibu, Josée aliingia mbio kutoka shule. Alitupa mfuko chini.

"Maman, njaa! Na tena viatu vinaniuma, nataka vingine. Lituma iko wapi?"

Aliinua kifuniko cha sufuria, akamega donge la lituma, ile ndizi iliyotwangwa, akalitia mdomoni.

"Josée! Haujasalimia Mama Pélagie!"

"Bonjour, Mama Pélagie," Josée alisema mdomo ukiwa umejaa. Akachukua donge lingine na kwenda kumwonyesha baba yake viatu.

Wanawake wawili walicheka. Mama Pélagie akavua blauzi taratibu na kuketi kando ya Rosine.

"Umeona mutoto yako? Aliomba pardon mara ngapi mbele ya kuomba chakula?"

"Hata mara moja. Hana adabu, huyu."

"Adabu utamufundisha. Lakini aliuliza kama uko na kazi mingi?"

"Hapana. Anajua hapa ni kwao."

"Na kama haumupe viatu leo?"

Rosine alitabasamu. "Atanuna, mama. Atalia. Kesho atarudilia kuomba. Lakini ataenda wapi? Ni mutoto yangu."

"Bon. Basi sikia." Mama Pélagie alimshika mkono. "Siku ulibatizwa, Mungu hakukupokea kama mugeni wa kulala siku mbili. Alikufanya mutoto. Yesu, wakati alifundisha banafunzi yake kuomba, neno ya kwanza aliwapa ni gani?"

"Baba."

"Eeh. Hakusema muanze na kulia juu ya makosa. Makosa yanakuja nyuma, na mukate inakuja mbele yake. Baba kwanza. Wewe unaomba kama muko Yanonge bado. Unafagia, unasema asante, na unajificha na homa yako."

Maneno hayo yalimgusa Rosine.

"Lakini, mama, kama naomba na yeye hapana kuniponya?"

"Hiyo sijui. Singekudanganya. Niliomba bwana yangu apone, na alikufa. Nililia mbele ya Mungu, hata nilimukasirikia. Hakunifukuza. Kuomba na imani si kumupa Mungu amri. Ni kumwambia ukweli yote, na kubaki karibu yake." Kisha akaongeza, "Na ukisha kumwambia, utamwambia bwana yako. Halafu utaenda hospitali. Monganga ya macho pia ni mukono wa Mungu. Usimuombe akusaidie huku unakimbia batu bale anatuma kwako."

Rosine alifumba macho. Ilikuwa mchana, jua lilikuwa kali, na kuku walikuwa wakipita miguuni mwao. Hakupiga magoti.

"Baba," alisema. "Baba, naogopa. Sitaki kuwa kipofu. Nataka kushona. Ni hiyo tu."

"Amina," alisema Mama Pélagie.

Jioni ile, walipokuwa wakila, Rosine alimwambia Célestin. Célestin aliacha kula.

"Miaka kumi na sita," alisema. "Miaka kumi na sita tunalala nyumba moja, na unalia peke yako?"

"Unisamehe. Niliogopa kuwa muzigo."

"Muzigo ni kufichwa, Rosine. Hiyo ndiyo nzito." Akasukuma sahani ya samaki mbele yake. "Kula. Kesho naweka wewe kwenye baiskeli, tunaenda."

Hospitalini walipokewa na muuguzi wa macho, kijana mpole aliyeitwa Jephté. Alimulika jicho moja, akamulika la pili. Akamwuliza Rosine alikulia wapi. Aliposikia habari za mto na za bibi, alitikisa kichwa.

"Mama, kule kwenye maji ya mbio kuko nzi wadogo weusi. Wanauma mutu na kumutia ugonjwa. Ugonjwa wenyewe unakula macho pole pole, miaka na miaka. Bibi yako hakulogwa. Ni ugonjwa huo ulimupofusha. Na jicho yako ya kushoto imepata huo pia. Tutakupa vidonge, utavimeza kila mwaka, ili ugonjwa usiendelee. Lakini kile kimekwisha kuharibika hakirudi."

Rosine alishika ukingo wa kiti.

"Na ya kuume?" aliuliza Célestin.

"Ya kuume iko muzima! Ni miaka tu. Kila mutu akifika miaka makumi ine, ni kusema arobaini, sindano inaanza kumukimbia. Atavaa lunettes, atashona." Jephté akamwekea miwani usoni na kumpa sindano na uzi. Rosine alijaribu. Uzi uliingia mara ya kwanza.

"Usingojee tena vile," alisema Jephté. "Mutu akiona ukungu, akuje siku ile ile. Na waambie ndugu bale balibaki kule mutoni bapimwe na bameze vidonge."

Walirudi kwa baiskeli, Rosine amekaa nyuma. Alikuwa akisema kwa sauti ndogo.

"Unasema nini?" Célestin aliuliza.

"Siseme na wewe."

"Ah bon," alisema Célestin, akaendelea kukanyaga.

Rosine alikuwa akimwambia Mungu: "Baba, niliomba macho mbili. Asante kwa hii moja. Lakini kwa ile ingine, moyo inaniuma." Hakuwahi kuomba hivyo maishani mwake. Alingoja kuona kama ataogopa. Hakuogopa. Aliegemeza kichwa kwenye mgongo wa mume wake, akalia kidogo, kisha akatulia.

Blauzi kumi na mbili zilimalizika kabla ya sikukuu. Rosine alituma ujumbe kwa ndugu zake upande wa Opala, na shangazi mmoja tayari alikuwa amekwenda kupimwa.

Jumatano moja jumuiya ya mtaa ilikusanyika katika uwanja wake kusali. Zamani Rosine angewapa watu viti na kukaa nyuma. Safari hii aliomba kwa sauti: "Baba, utunze jicho yangu. Na unipe nguvu ya kazi." Akanyamaza. Watu walingoja aendelee, maana walizoea maombi marefu.

Ndipo Claudine, mama kijana asiyesema kamwe, akafungua mdomo. "Baba, mimi pia. Mutoto yangu hapana kunyonya vizuri. Nimechoka." Akina mama wakasogea karibu naye. Mwingine akaomba, na mwingine. Chai ilipoa.

Wa mwisho alikuwa Célestin, ambaye hakuwahi kuomba mbele ya watu.

"Baba," alisema, kisha akakohoa. "Unipe moyo ya kusikia muke yangu hata kama yeye hapana kusema."

Rosine alifumbua macho na kumtazama. Célestin aliketi mbele yake, ameinamisha kichwa, mafuta meusi ya minyororo yakiwa bado kwenye vidole. Rosine alimwona vizuri kabisa.